Vimondo 48 kwa saa moja: namba hiyo ina maana gani?

Chukua watu wawili wanaotazama anga usiku mmoja, kuamkia tarehe 14 Desemba, kuanzia saa nane hadi saa tisa usiku. Mmoja amejilaza kwenye kitanda cha kamba kijijini, mbali na taa za Dodoma. Mwingine yuko juu ya paa la ghorofa Kariakoo. Wa kwanza anahesabu vimondo 48 vya Geminidi, mvua ya vimondo ya kila Desemba. Wa pili anaambulia vinne, pengine vitano. Hakuna aliyesinzia wala aliyedanganya. Lakini namba hizo peke yake hazimsaidii mtu: 48 haisemi kwamba mvua ilikuwa kubwa, na 4 haisemi kwamba ilikuwa ndogo. Zikiandamana na mambo manne, yaani muda uliotazamwa kweli, giza la anga, mawingu, na kimo cha chimbuko (nukta ya angani ambako vimondo vya mvua huonekana kutokea), zote mbili zinaleta jibu lilelile.

Kuona kimondo hakuhitaji somo. Somo liko kwenye safu nyingine za karatasi, zile ambazo wanaoanza huziacha wazi.

Mwali, jiwe na chimbuko

Kiswahili hutumia neno moja kwa vitu viwili. Kimondo ni mwali unaopita angani, na kimondo ni jiwe lililofika chini, kama lile pande la chuma la takribani tani 16 lililoko Mbozi, mkoani Songwe. Hapa tunazungumzia mwali. Mara nyingi chanzo chake ni punje ndogo, ya ukubwa wa mchanga hadi kokoto, inayoingia katika hewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde na kuwaka ikiwa bado kilomita 80 hadi 120 juu yetu. Hakuna nyota iliyoanguka. (Watoto wengi wa pwani wamekua wakiambiwa ni kijinga anachofukuziwa shetani. Anayetaka kuhesabu anaweza kubaki na imani hiyo na karatasi yake isiharibike.)

Usiku wowote ule kuna vimondo huru, vinavyotoka kila upande: vichache jioni, na kumi hivi au zaidi kwa saa karibu na alfajiri, kwa sababu wakati huo upande wetu wa dunia ndio unaotangulia katika safari ya kulizunguka jua. Mvua ya vimondo ni jambo jingine. Dunia inakatiza njia ya vumbi lililoachwa na nyotamkia au asteroidi, na punje zote zinakuja zikiwa sambamba. Simama katikati ya reli iliyonyooka: vyuma viwili vilivyo sambamba vinaonekana kama vinatoka nukta moja kwa mbali. Vimondo vya mvua moja hufanya vivyo hivyo, na ile nukta ndiyo chimbuko. Chimbuko la Geminidi liko katika kundinyota la Mapacha, karibu na nyota ya Castor, na vumbi lake ni la asteroidi Phaethon iliyogunduliwa mwaka 1983.

Mvua ipi ya kuanzia, na mwezi uko tarehe ngapi

Orodha nyingi za vimondo zimeandikwa na watu wa kaskazini, nazo huiweka Perseidi ya tarehe 12 na 13 Agosti juu ya zote. Kwa msomaji wa Muscat ni sawa, maana huko chimbuko hupanda zaidi ya digrii 50. Dar es Salaam halizidi digrii 25, tena alfajiri. Hata chini ya anga jeusi, hapo hutarajii kuzidi vimondo 40 kwa saa. Si mvua ya kumfundishia mtu.

Kwetu anayeanza tungempeleka kwenye Delta-Akwaridi za Kusini, zinazofikia kilele karibu tarehe 30 Julai. Si nyingi: kama 15 kwa saa chini ya anga zuri la kijijini. Lakini ni kiangazi sehemu kubwa ya Tanzania, chimbuko hupita karibu na utosi saa nane na nusu hadi saa tisa usiku, na siku hizohizo kuna mvua nyingine ndogo, Alfa-Kaprikonidi, yenye vimondo vizito vya polepole. Moja inakuja kwa kilomita 41 kwa sekunde, nyingine kwa 23. Huwezi kupata darasa bora la kutofautisha kasi.

Eta-Akwaridi ya tarehe 6 Mei, vumbi la nyotamkia Halley, ni zawadi kwa watu wa ikweta na kusini yake. Chimbuko linachomoza baada ya saa nane usiku, na kufikia saa kumi na moja limeshapanda digrii 40 hivi. Tatizo ni masika: pwani na sehemu kubwa ya Kenya utaona mawingu tu, ilhali Dodoma na Singida mvua huwa zimekatika. Geminidi ndiyo kubwa kuliko zote, lakini Desemba ni mwezi wa kubahatisha, kwa hiyo panga usiku tatu ili upate mmoja.

Kuhusu mbalamwezi, kalenda ya Hijiria inatosha. Mwezi ukiwa tarehe 1 hadi 7 huzama kabla au karibu na saa sita usiku na kukuachia sehemu yote iliyobaki. Kuanzia tarehe 8 huchelewa kuzama kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo tarehe 10 unaanza kazi saa nane. Tarehe 13 hadi 17 lala. Tarehe 18 hadi 24 ndizo zinazowadanganya watu, kwa sababu jioni huwa giza zuri, kisha mwezi unachomoza usiku na kubaki juu hadi asubuhi, saa zilezile ulizozitaka. Kuanzia 26, hilali nyembamba ya alfajiri haidhuru.

Mahali, na jinsi ya kulala

Giza kwanza, starehe pili, lakini starehe si anasa. Shingo ikiuma unaacha kutazama bila kujijua. Kitanda cha kamba au kiti cha kuegemea kinafaa kuliko mkeka, kwa sababu chini kuna siafu na nge. Mikono mirefu, soksi na dawa ya mbu. Nyanda za juu, Julai, blanketi mbili. Mwambie jirani, mlinzi au mjumbe kwamba utakuwa nje usiku kucha. Mtu aliyelala shambani saa tisa akinong'onea kinasa sauti huzua maswali.

Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mtazamo mmoja wa skrini ya simu huyarudisha mwanzo. Tochi iwe nyekundu, tena hafifu: funga kioo chake kwa tabaka mbili tatu za plastiki nyekundu hadi uweze kusoma karatasi kwa shida kidogo.

Usitazame chimbuko lenyewe. Vimondo vilivyo karibu nalo huja kuelekea kwako na kuonekana kama alama fupi. Vilivyo mbali sana navyo ni virefu lakini vinachanganyika na vimondo huru. Elekeza katikati ya macho digrii 20 hadi 40 kutoka chimbuko, kwenye kimo cha digrii 50 hadi 70. Ngumi uliyoinyoosha mbele ni digrii 10. Kwa Geminidi ukiwa Dodoma saa nane na nusu, chimbuko liko kaskazini, digrii 50 juu, na nyota ya Betelgeuse iko magharibi kidogo, digrii 60 na ushee juu, kama ngumi tatu na nusu kutoka chimbuko. Hapo pa kutazama pamekwisha kuchaguliwa. Ukishachagua, usihamehame, mahali hapo huandikwa kwenye ripoti.

Kunena, si kuandika

Kila ukiinama kuandika, anga linapita bila wewe. Sekunde 10 kwa kila kimondo, mara vimondo 57 (48 vya Geminidi na 9 huru), ni dakika 9 na nusu za upofu katika saa moja. Unaweza kuzitoa kwenye hesabu, na lazima uzitoe, lakini ni afadhali usizipoteze. Tumia kinasa sauti, au simu iliyozimwa mtandao, skrini imefunikwa kwa kitambaa. Anza kwa kutaja saa uliyoilinganisha na saa ya mtandao kabla ya kuizima, kisha taja saa tena kila dakika 10 au 15. Kwa kila kimondo sema maneno mawili tu: mvua yake na mwangaza wake. "Gem, tatu." "Huru, mbili." Ukitoka kwenda msalani sema "natoka", ukirudi sema "nimerudi". Ukisinzia, sema pia. Waangalizi wazuri wote husinzia, wabaya hawasemi.

Ukihesabu kwa saa nzima ya dakika 60, ukapumzika dakika 5, muda halisi ni 55 ÷ 60, yaani saa 0.92. Mvua ikipamba moto, kata hesabu kwa robo saa ili mabadiliko yaonekane. Na saa iliyokuwa na vimondo sifuri iandikwe sifuri. Wanaoripoti usiku mzuri tu wanaipandisha mvua bila kukusudia.

Mkiwa kundi, kila mtu ahesabu vyake kimyakimya. Jumla ya macho manane haina hesabu inayoweza kuirekebisha, na yule anayepiga kelele "kile pale!" anawavuruga wote.

Kikomo cha anga: safu inayobeba uzito wote

Mwangaza wa nyota hupimwa kwa magnitudo, na kipimo kinakwenda kinyume: namba ndogo ni mwangaza mkubwa. Sirius ni −1.5, Rigel 0.1, na nyota hafifu kabisa ambazo jicho zuri huona chini ya anga safi ni karibu 6.5. Kikomo cha anga lako ni magnitudo ya nyota dhaifu kabisa unayoiona katika eneo unalolitazama. Kijijini kinaweza kuwa 6.0, juu ya paa Kariakoo 3.5, kukiwa hakuna vumbi.

Kilimia hutoa makisio ya haraka. Nyota yake ya kwanza ni 2.9, na ya sita kwa mwangaza ni 4.3, ukizihesabu sita waziwazi, kikomo chako kimefika angalau 4.3. Usiishie hapo, kwa kuwa zimesongamana na macho yasiyo makali huzichanganya hata anga likiwa zuri. Njia inayotumiwa na Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, ni kuhesabu nyota zote ndani ya maeneo maalumu ya anga, mengi yakiwa pembetatu zenye nyota zinazojulikana pembeni, kisha kusoma kikomo kwenye jedwali. Nyota za pembe nazo huhesabiwa. Nyota inayoonekana ukitazama kando kidogo ihesabiwe pia, mradi ufanye hivyo kila mara. Tumia maeneo mawili, na rudia kila nusu saa au ukungu unapoingia.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu vimondo hafifu ni vingi kuliko vikali. Katika Geminidi, kila ukishuka magnitudo moja idadi huongezeka takribani mara 2.6. Kosa la nusu magnitudo tu katika kikomo hubadilisha jibu la mwisho kwa asilimia 60. Hakuna kosa jingine kwenye karatasi linaloharibu kiasi hicho, na bado ndiyo safu ambayo watu hujaza kwa kukumbuka asubuhi.

Mwangaza wa kila kimondo

Linganisha kimondo kwenye kilele chake cha mwangaza na nyota zilizo kimo hichohicho. Desemba una ngazi nzima mbele yako: Sirius −1.5, Rigel 0.1, Procyon 0.4, Aldebaran 0.9, Pollux 1.1, Bellatrix 1.6, Mintaka ya mkanda wa kundinyota la Orioni 2.2, na ile nyota ndogo ya kichwa cha Orioni, Meissa, 3.4. Betelgeuse iache kama kipimo, maana mwangaza wake hubadilika. Nyakati ambazo Msalaba wa Kusini uko juu, nyota zake tano zinatoka 0.8, 1.3, 1.6, 2.8 hadi 3.6, ngazi safi kabisa. Kinachofikia Zuhura ni −4. Kuanzia hapo kimondo kinaingia daraja la vimondo vikali mno na kinastahili maelezo yake mwenyewe.

Kisia kwa magnitudo nzima au nusu. Cha 2.5 kigawe: nusu kwenye safu ya 2, nusu kwenye safu ya 3. Vimondo 48 vya mwangalizi wetu wa Dodoma vinaweza kupangika hivi: kimoja cha −2, viwili vya −1, vinne vya 0, sita vya 1, kumi vya 2, kumi na tatu vya 3, tisa vya 4, vitatu vya 5. Idadi inapanda kisha inaanguka, kwa sababu vile hafifu sana jicho linavikosa vingi. Orodha ya anayeanza huwa na sura nyingine: karibu vyote ni 2 au 3. Hiyo haimaanishi anga lilikuwa la ajabu. Mtu alikuwa anataja namba aliyoizoea. Dawa ni kutaja jina la nyota, "kama Bellatrix", na kugeuza kuwa namba mchana.

Ni cha mvua au ni huru?

Maswali matatu, na kimondo kipite yote. Kwanza, njia yake ukiirudisha nyuma inapita kwenye chimbuko? Nyoosha kamba au fimbo angani kufuata njia hiyo, utashangaa jicho tupu linavyokosea. Pili, kasi inafaa? Geminidi iliyo digrii 40 kutoka chimbuko, ikiwa karibu na utosi, hukata takribani digrii 13 kwa sekunde. Eta-Akwaridi mahali hapohapo ingekata 24. Karibu na chimbuko na karibu na upeo wa macho vyote huonekana vya polepole zaidi. Tatu, urefu: njia ya kimondo cha mvua isizidi nusu ya umbali kutoka chimbuko hadi mahali kilipoanzia kuwaka. Kinachoanza digrii 10 kutoka chimbuko kikachora mstari wa digrii 15 si cha mvua, hata kama mwelekeo umelingana.

Kitu kinachotambaa kwa dakika nzima ni setilaiti. Kinachotambaa polepole kwa zaidi ya nusu dakika kikivunjikavunjika kwa kawaida ni chombo cha angani kinachoungua. Vimulimuli huhesabiwa na watu wazima mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Saa nane ni saa ngapi?

Ripoti zote huandikwa kwa saa za dunia, UT, na msomaji wa Kiswahili ana mitego miwili badala ya mmoja. Wa kwanza ni wetu wenyewe: "saa 8" kwenye karatasi, ikiingizwa kwenye fomu bila kugeuzwa, inasomwa 08:00, jua likiwaka. Andika kwa mfumo wa saa 24 tangu mwanzo: saa nane usiku ni 02:00. Mtego wa pili ni tarehe. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya UT, hivyo tarehe mpya ya UT inaingia kwetu saa tisa usiku. Bujumbura, Kigali na Goma inaingia saa nane; Muscat, saa kumi. Saa ya mfano wetu, 02:00 hadi 03:00 ya tarehe 14 Desemba, ni 23:00 hadi 24:00 UT ya tarehe 13. Geminidi huporomoka haraka baada ya kilele, kwa hiyo kukosea tarehe kwa siku moja ni kuripoti mvua nyingine kabisa. Andika tarehe mbili juu ya karatasi, "usiku wa 13/14", ndipo ugeuze.

Hesabu yenyewe

Namba inayolinganishwa duniani huitwa ZHR: idadi ambayo mtu mmoja angeona kwa saa chini ya anga la kikomo 6.5, bila wingu, chimbuko likiwa utosini kabisa. Hupatikana hivi:

ZHR = (N × F × r^(6.5 − L)) ÷ (T × sin h)

N ni vimondo vya mvua, T muda halisi kwa saa, L kikomo cha anga, h kimo cha chimbuko, na r ile namba ya ongezeko, 2.6 kwa Geminidi. F ni ya mawingu: wingu likiziba robo ya eneo unalolitazama, F ni 1 ÷ 0.75, yaani 1.33. Likizidi hapo, pumzika. Mawingu yanayotembea hayahesabiki vizuri.

Dodoma: N ni 48, T 0.92, L 6.0, h digrii 50, hakuna wingu. 48 ÷ 0.92 ni 52. Zidisha kwa 2.6 iliyopandishwa 0.5, ambayo ni 1.61, upate 84. Gawa kwa sin 50, ambayo ni 0.77: 110. Kariakoo, kwa muda uleule, kikomo 3.5: namba ya kuzidishia inakuwa 2.6 mara tatu yenyewe, 17.6. Vimondo vinne vinatoa 100, vitano vinatoa 125. Mvua ni ileile.

Ila usiziamini sawasawa. Makisio ya kosa ni ZHR ÷ mzizi wa N: Dodoma ni 110 na tofauti ya 16 juu au chini, Kariakoo ni 100 na tofauti ya 50. Na kama mtu wa Dodoma aliandika kikomo 5.5 kwa uvivu, 110 yake inakuwa karibu 178, bila kimondo kimoja kuongezeka. Ndiyo maana IMO hupendelea kikomo cha 5.5 na kuendelea, na ndiyo maana hesabu za chimbuko lililo chini ya digrii 20 hazina thamani kubwa: kugawa kwa sin ndogo kunakuza kila kosa.

Huna lazima ya kukokotoa ZHR mwenyewe. Fomu ya IMO inapokea data ghafi: vipindi, muda halisi, kikomo, mawingu, mahali ulipoelekeza macho, hesabu na mgawanyo wa mwangaza. Ukijiandikisha unapewa msimbo wa herufi tano unaotokana na jina lako. Sikiliza sauti uliyorekodi kesho yake, si wiki ijayo, na usiifute.

Kamera

Kamera haisinzii, lakini nayo huficha mengi. Kwa kamera ya kawaida yenye lenzi inayobadilishwa, tumia lenzi pana ya milimita 14 hadi 24, f/2.8 au iliyo wazi zaidi, ISO 1600 hadi 3200, picha za sekunde 15 hadi 30 mfululizo, pengo la sekunde moja. Fokasi ifanywe kwa mkono juu ya nyota kali iliyokuzwa kwenye skrini, kisha pete ifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Joto likishuka angalia tena. Zima upunguzaji wa chembechembe wa picha ndefu, kwa kuwa baada ya kila sekunde 30 kamera hukaa sekunde 30 nyingine ikiwa imefumba, na unapoteza nusu ya usiku. Kinachoua usiku pwani ni umande kwenye lenzi. Mkanda wa kupasha joto unaoendeshwa na pawabenki, ukifungwa tangu mwanzo kabla kioo hakijalowa, ndio suluhisho. Kufuta kwa kitambaa kunaacha ukungu na kusogeza fokasi. Tarajia vimondo vikali tu. Usiku wa mtu aliyehesabu 48 kwa saa unaweza kukupa picha chache zenye kimondo.

Hatua inayofuata ni kamera ya video isiyozimwa. Mtandao wa Global Meteor Network hutumia kamera ndogo ya ulinzi yenye kihisi cha IMX291 au kinachofanana nacho, inayopiga fremu 25 kwa sekunde, ikiunganishwa kwa waya mmoja na kompyuta ya Raspberry Pi yenye programu ya RMS. Programu huchagua vimondo na kupima njia zake kwa kulinganisha na nyota. Kituo kimoja hutoa mwelekeo. Viwili vinavyotazama sehemu moja ya anga, kama Arusha na Moshi zilizoachana takribani kilomita 70, hutoa kimo, kasi na njia ya kuzunguka jua. Kwetu kinachoharibika kwanza ni kadi ya kumbukumbu, umeme unapokatika programu ikiwa inaandika. Weka betri ya akiba tangu siku ya kwanza. Cha pili ni mchwa na nyigu ndani ya boksi.

Redio pia hufanya kazi, hata mchana na mawingu: mkia wa kimondo huakisi mawimbi ya kituo kilicho mbali kilomita 500 hadi 2000, usichoweza kukisikia kwa kawaida. Unatega masafa ya FM yaliyo matupu kwako lakini yanatumika kule, na kusikia vipande vya sauti vya sekunde moja au mbili. Katika miji yetu masafa matupu ni adimu, kwa hiyo hili ni la wilayani.

Kikipita kikali

Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, mawe ya kimondo yalianguka Mbale, Uganda. Mamia ya vipande yaliokotwa, na kimoja cha gramu chache kilimgonga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, hakuumia. Mwaka 2011, Julai, yalianguka mengine Thika, Kenya. Katika matukio kama haya, mahali pa kutafuta hupatikana kutokana na watu waliosimama sehemu mbalimbali na kukumbuka mwelekeo.

Kwa hiyo kikipita kinachomulika ardhi, usikimbilie simu. Usitembee hata hatua moja. Tazama kilipoanzia na kilipozimikia dhidi ya vitu visivyohama, kama ncha ya mnazi, kona ya bati, mnara. Kisia muda kwa kukirudia akilini na kuhesabu, maana watu wengi huuongeza. Kumbuka kama kilivunjika na rangi ya mwisho. Kisha nyamazisha kila mtu na uanze kuhesabu sekunde kwa dakika tano au zaidi: mlio husafiri kilomita 20 hivi kwa dakika, kwa hiyo ngurumo iliyofika baada ya dakika tatu imetoka kilomita 60. Ngurumo isiyosikika nayo iandikwe.

Weka jiwe mahali pale pale miguu yako ilipokuwa. Mchana rudi na dira, simama juu yake, pima mwelekeo wa ile kona ya bati na ule mnazi, na upime kimo kwa ngumi.